Barua Niliyoifuta Vumbi Miaka Kumi na Mmoja

Nyinyi vijana mnatema mate kwenye kichupa, mnakipeleka posta, halafu mnaletewa karatasi yenye rangi rangi inayosema damu yenu imetoka huku na huku. Mnafurahi. Haya, furahini. Lakini mate hayatakwambia babu yako alilala nyumba gani, wala kitanda chake alimwachia nani alipokufa. Hayo yanasemwa na makaratasi ya zamani, na kuyasoma ndiyo kazi niliyoifanya mimi, Bi Riziki, hapa Birmingham, mpaka macho yaliponiambia basi.

Cheti sina. Shule nilifika darasa la nne, nikatolewa nikamlee mdogo wangu. Lakini chuoni nilikaa. Nasema chuo cha Kurani, si chuo kikuu, msije mkanivisha joho. Maalimu wetu Unguja alitufundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwenye ubao, kwa wino wa masizi, na bakora yake ilikuwa haipotei njia. Leo wasomi wa hapa wakiletewa wasia wa kizamani wa kwetu, wanautazama kama kuku anayetazama saa. Mie nausoma huku natafuna andazi. Nayasema haya kwa kujivuna, na najua najivuna. Mkifika mwisho mtaona kwa nini majivuno haya yalinijia yakiwa yamechelewa.

Kazi niliingia kwa mlango wa nyuma, na ndoo mkononi. Nilikuwa napiga deki ofisi ya mawakili mjini. Chini kulikuwa na ghala la masanduku ya bati, yamejaa wasia za watu waliokufa zamani, na kazi yangu moja ilikuwa kuyafuta vumbi. Mwenye ghala lile alikuwa karani wa Kiingereza, Mista Harold, mzee mwembamba, sweta lake limetoboka viwiko vyote viwili. Siku moja akanikuta nimekaa juu ya ndoo nimeipindua, nasoma.

"Unaelewa hayo?" akaniuliza.

"Naelewa bwana huyu hakumpenda mkwewe."

"Umejuaje?"

"Kila mtu kamwachia kitu kizima. Mkwe kamwachia mwavuli uliovunjika."

Mzee alicheka mpaka akashika rafu. Tangu siku ile, nikimaliza deki ananifundisha. Alinifundisha kusoma mwandiko wa Waingereza wa kale, ambao ukiutazama utadhani buibui ametoka kwenye wino akapita kwenda zake. Alinifundisha sensa. Sensa ya hapa, enyi watoto, haiandiki watu wa nyumba. Inaandika waliolala nyumba ile usiku ule mmoja. Baba akiwa kazini usiku, hayumo. Shangazi aliyekuja kusalimia, yumo. Wangapi wamenijia wakilia kwamba bibi yao alikuwa na mume mwingine, kumbe ni mpangaji tu aliyelala chumba cha juu! Na makaratasi hayo hufungwa miaka mia kabla ya kuonyeshwa watu, kwa hiyo mwenye haraka asishike kazi hii.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa maneno mawili: geuza karatasi. Alikuwa akisema, "Mtu mbele ya karatasi hujipaka poda, Riziki. Nyuma ndiko anakojikuna." Na kweli, mara nyingi nyuma ya wasia nimekuta orodha ya viazi na vitunguu, na katikati yake jina la mtoto ambaye mbele hakutajwa.

Makosa nimefanya, msidhani. Kosa lililonifundisha adabu ni la mzee mmoja Mkamba wa mtaa wa Newtown. Nilimtafutia babu yake. Jina likawiana, kijiji kikawiana, mie nikaruka kama chura, nikampa. Naye, kwa furaha, akampa mjukuu aliyezaliwa wiki ile jina la babu, kama ilivyo desturi yao. Miezi mitatu baadaye nikagundua nimempa babu wa watu wengine. Nilikwenda kwake nikamwambia.

"Mama Riziki," akasema, "sasa huyu mtoto nimrudishe hospitali?"

Mtoto yule ni mwanamume mzima sasa na jina lile lile analo. Tangu hapo nikaweka sharti: sisemi neno mpaka nipate mashahidi watatu wa karatasi. Jina peke yake si shahidi. Jina ni mpiga porojo.

Sasa niwaambie la Bi Zuwena, maana kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Bi Zuwena ni jirani yangu mtaa wa Sparkbrook, Mzanzibari mwenzangu, amenizidi umri. Mwaka juzi, nami nimeshasema nimestaafu, aliniita kwake. Alikuwa anakaanga bajia, mgongo kanipa.

"Riziki, nina kazi yako. Lakini usinicheke."

"Nikucheke umekuwa sinema?"

"Nitafutie babu yangu. Baba yake mama."

Akanieleza. Babu yake, Salum bin Juma wa Mkunazini, alikuwa mtia makaa kwenye meli za Wazungu. Mkewe akiitwa Mwanaidi, na mtoto wao mmoja tu, Zaituni, ambaye ndiye mama yake Zuwena. Zaituni akiwa mdogo, ikaja habari kwamba meli imezama na watu wake. Wakasoma hitma. Mwanaidi akakaa eda, ikaisha, kadhi akamruhusu, akaolewa na mume mwingine, akamzalia. Mambo yakaishia hapo.

"Kama alizama, mie nimtafute wapi? Unitume kwa papa?"

Hakucheka. Akazima jiko. "Mama alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema: baba hakuzama. Yuko Ulaya. Mtafute umwambie. Nikamuuliza nimwambie nini, mama? Hakumaliza." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nina miaka themanini na ushei, Riziki, na daktari kaniambia moyo wangu umechoka. Nikifika huko, kitu cha kwanza mama ataniuliza: ulimwambia? Nitajibu nini?"

Nikamuuliza ninaloliuliza siku zote: je, mama aliacha karatasi yoyote yenye mwandiko wake?

"Mwandiko gani? Mama alikuwa hajui alifu kwa kijiti. Maisha yake yote alitia dole gumba. Ila alikuwa na ajabu yake. Sisi watoto tunaandika ubaoni, yeye anapepeta mchele. Akipita nyuma yetu utamsikia, hapo pana nukta mbili, umetia moja. Nasi tukimcheka, tukisema kakariri."

Nikaliweka hilo kichwani, nikaanza kazi.

Kanuni ya kumtafuta mtu wetu katika sensa ya hapa ni hii: usimtafute kwa jina, mtafute kwa mahali alipozaliwa. Jina watakuwa wamelifinyanga wanavyotaka. Lakini mwenye kuandika "Zanzibar" katika mji wa kina Smith na Jones, huyo anaonekana kama nzi ndani ya maziwa. Nilikaa kwenye kompyuta ya maktaba siku nne. Siku ya tano akatokea. Sam Salum. Amezaliwa Zanzibar. Kazi yake, mtia makaa kwenye tanuri la kiwanda cha shaba. Mkewe, Ellen. Mtoto, hakuna. Anakaa Newtown.

Nilishtuka, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mtaa ule umebomolewa zamani, zimejengwa fleti za kaunsili, lakini barabara ni ile ile. Na Bi Zuwena hushuka basi pale pale kila Jumanne, anakwenda kliniki ya miguu! Mwanamke amepita mbele ya mlango wa babu yake miaka, anabeba kikapu, hana habari.

Lakini nilikumbuka yule mjukuu wa Mkamba. Kina Salum ni wengi kuliko kunguru wa Forodhani. Nikafunga mdomo, nikaenda kutafuta wasia.

Na wasia ulikuwepo. Kwa Kiingereza, umepigwa mashine. Nilipoanza kusoma, nywele zilinisimama. Mwingereza akifa anasema: nyumba kwa mke wangu, saa kwa mwanangu, mwavuli kwa mkwe. Huyu hakusema hivyo. Huyu kasema: sehemu moja katika nane ya mali yangu igawiwe wake zangu wawili sawasawa. Nusu apewe binti yangu. Kitakachobaki, ndugu zangu wanaume. Watoto, hiyo ni mirathi ya Kiislamu, imevaa koti na kofia ya Kizungu! Thumni ya wajane, nusu ya binti wa pekee, hata maalimu wetu asingepata pa kuchapa bakora. Halafu majina: mke wangu Ellen, wa hapa, aliyesilimu. Mke wangu Mwanaidi, wa Mkunazini, Zanzibar. Binti yangu Zaituni, ikiwa yu hai.

Mke, binti, mtaa: mashahidi watatu. Mtu ambaye kwao kashasomewa hitma, mkewe keshakaa eda na kuolewa, alikuwa Birmingham anatia makaa na kuhesabu wake zake wawili. Kwa nini hakurudi? Aliandika barua zikapotea? Aliona haya? Karatasi haisemi. Karatasi si mtu wa kumshika shati.

Chini ya wasia palikuwa na jina la mawakili waliousimamia. Nikalisoma mara mbili. Ilikuwa ofisi yangu. Ofisi niliyopiga deki miaka kumi na mmoja.

Ofisi ile ilikwisha kufungwa, na masanduku yake yakapelekwa kwenye chumba cha nyaraka za jiji. Nikajaza fomu, nikakaa kungoja. Binti wa pale akaja anasukuma kigari, juu yake sanduku moja la bati. Sikungoja afike. Nilisimama. Kwenye mpini wa sanduku lile palikuwa na utepe mwekundu, kipande cha kanga, umefungwa fundo la Kiunguja. Ni mimi niliyeufunga, mwaka mpini ulipokatika.

"Are you alright?" binti akaniuliza.

Nikamwambia niko sawa. Muongo mkubwa mie.

Ndani mlikuwa na barua ya mawakili waliyompelekea Mwanaidi, Mkunazini, kuuliza kama yeye na bintiye wako hai. Haikusema Salum amekufa. Ilisema tu kwamba inahusu mali ya Salum bin Juma, basi. Na ilikuwa imerudishwa hapa. Mbele, mihuri tu. Pembeni palikuwa na maneno ya penseli, mwandiko ninaoujua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu, mwandiko wa Mista Harold, alioutia miaka mingi baadaye, enzi zangu, alipokuwa akiorodhesha masanduku ya zamani: "Nyuma kuna maandishi ya kigeni. Hayasomeki."

Nikageuza karatasi.

Kiswahili. Herufi za Kiarabu, wino wa masizi uliofifia, mwandiko wa chuoni, wa mtoto, mistari inapanda kama ngazi:

"Mtu huyu amekwisha kufa. Tumekwisha kumsomea hitma, na eda imekwisha, na mkewe ameolewa na ana mtoto. Tafadhalini msilete barua tena."

Nikaelewa papo hapo. Barua ya Kizungu, kwao ni kama ya serikali, imeingia nyumbani, wakasomewa jina la marehemu. Wakaogopa. Kama Salum yu hai, ndoa ya Mwanaidi itaulizwa, na kichanga kile kitaitwa jina baya mtaani. Sikuwalaumu hata kidogo. Ningefanya hivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi.

Lakini chini, herufi ndogo ndogo, zimebanwa ukingoni mwa karatasi, palikuwa na mstari mwingine. Mstari ambao wakubwa waliokuwa wakimwandikisha mtoto, wao wenyewe wasiojua kusoma, hawakujua kwamba kautia:

"Mwambieni baba nimehitimu. Mimi mwanawe Zaituni."

Nililia mbele za watu, mimi ambaye sikulia nilipofukuzwa kazi wala nilipofiwa na mume. Na sikulia kwa ajili ya Zaituni peke yake. Mista Harold aliigeuza karatasi kama alivyonifundisha. Aliyaona maandishi. Akaandika kwamba hayasomeki. Na mimi nilikuwa orofa moja juu yake, napiga deki, nayajua! Wala yeye hana kosa. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia kwamba najua herufi zile. Niliona haya. Nilijua elimu ni ile ya shule, ile niliyoikosa. Ya chuoni niliiona ni kama kujua kusuka ukili wa mkeka: kila mtu kwetu anajua, nani atakwenda kujisifia kwa Mzungu? Laiti ningefungua mdomo siku moja tu, wakati ule Zaituni alikuwa bado hai Unguja. Angejua babaye hakumsahau, kamwekea nusu.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la Mkamba, na hilo sikuliweka katika hesabu mpaka siku ile.

Nikarudi Sparkbrook na nakala ya karatasi ndani ya mkoba. Njiani nilifikiri kumficha Bi Zuwena mstari wa juu, nimpe wa chini tu. Mwanamke ana moyo mbovu. Nitamwambiaje kwamba mkono uliomkana babu ulikuwa wa mama yake? Lakini kazi yetu hairuhusu kukata karatasi nusu. Ukianza kuwachagulia watu cha kujua, wewe si mtafutaji tena, wewe ni mpishi.

Nikamkalisha. Nikamwambia kwanza la Newtown. Akasema "Lahaula!" akashika kifua. Nikamwambia la wasia. Akalia kidogo. Halafu nikamsomea nyuma ya barua, mstari kwa mstari.

"Nani kaandika?" akauliza.

"Mama yako."

"Muongo! Mama hajui kuandika."

"Jina lake hili hapa."

"Riziki, usinitanie. Mama alitia dole. Mpaka kwenye karatasi za hospitali alitia dole."

"Alijua, shoga. Nukta mbili alizijua."

Akaichukua ile nakala. Kuisoma anaisoma, naye wa chuoni. Midomo yake ikawa inacheza. Alipofika ukingoni aliinama, na kwa muda niliogopa nimeshamuua. Kisha akasema taratibu:

"Kumbe hakuacha kuandika kwa kutojua. Aliiacha kalamu tangu siku ile."

Kaburi la Salum nililipata kwenye daftari la manispaa: ni kaburi la watu wengi, halina jiwe, lina namba tu kwenye kigingi cha chuma. Tulikwenda Jumatano, saa tano asubuhi, baada ya mvua. Bi Zuwena alivaa baibui lake jipya. Akasoma Fatiha, akajikohoza, akasimama wima kama mtoto aliyetumwa dukani na ameshika maneno asiyapoteze.

"Babu Salum bin Juma. Mie Zuwena, mjukuu wako. Nimetumwa na mama. Anasema amehitimu."

Basi. Mie kwa mazoea nikazunguka kigingi kuangalia upande wa nyuma.

"Unatafuta nini tena weye?"

"Hakuna. Mkono umezoea."

"Twende, basi litatuacha."

Ndani ya basi alikaa dirishani. Tulipokaribia kituo chake cha Jumanne, akaniambia bila kunitazama:

"Nilipofaulu shule nilirudi nyumbani na cheti, nikamkuta mama anapepeta mchele. Nikampungia kile cheti usoni. Nikamwambia, weye pepeta tu, hujui hata alifu."

"Akakupiga?"

"Angenipiga ningeshukuru. Alikitazama kile cheti, akaangalia huku na huku, akakigeuza kuona kama nyuma pana kitu. Kisha akanirudishia. Akasema, vizuri, mwanangu. Wewe andika."